Barafu ya Ncha za Dunia: Ikiyeyuka, Bahari Itafika Wapi?

Mtu akiwa Nanyuki au Moshi alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, huweza kuona weupe wa barafu juu ya Kirinyaga au Kilimanjaro. Wazee wanaokaa chini ya milima hiyo husema ya kwamba weupe huo ulikuwa mwingi zaidi zamani, na vipimo vya wataalamu vyathibitisha maneno yao. Mto wa barafu uitwao Lewis, ulio juu ya Kirinyaga, ulipoteza yapata sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya mwaka 1934 na mwaka 2010. Barafu ya Kilimanjaro nayo, ikilinganishwa na ile iliyokuwako mwaka 1912, imepungua kwa zaidi ya sehemu nane katika kumi.

Hata hivyo, barafu ya milima hiyo ni kidogo sana. Ikiisha yote, wenyeji watasikitika, lakini bahari haitapanda kiasi cha kuonekana. Iko barafu nyingine, kubwa kupita kiasi, iliyo mbali katika ncha za dunia, ambayo imeshika zaidi ya nusu ya maji yote matamu ya ulimwengu.

Juu ya barafu hiyo husemwa mambo mawili yanayopingana. Wengine husema ya kwamba itayeyuka kwa ghafula, bahari itapanda mpaka milimani, na dunia itagharikishwa kama wakati wa Nuhu. Wengine husema ya kwamba mambo ya barafu ni ya watu wa nchi za baridi, wala hayamhusu mvuvi wa Lamu au mkulima wa mpunga wa Tana. Maneno yote mawili si sawa, na ni vema kueleza kwa nini.

Ncha mbili zisizofanana

Dunia ina ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Zote mbili zina baridi kali, kwa sababu mwanga wa jua huzifikia kwa kulala, wala hauwapigi watu utosini kama katika nchi zilizo katikati ya dunia. Tena kwa miezi kadha ya kila mwaka jua halichomozi huko hata kidogo.

Lakini ncha hizo hazifanani. Ncha ya Kaskazini iko baharini. Ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu za Urusi, Kanada, Alaska na Greenland, na uso wake huganda ukawa barafu yenye unene wa mita chache tu. Ncha ya Kusini iko barani. Ni nchi kavu iitwayo Antaktika, iliyozungukwa na bahari pande zote. Eneo lake ni kilomita za mraba yapata milioni 14, yaani karibu nusu ya bara la Afrika, na karibu lote limefunikwa na barafu. Hakuna kabila lenye asili huko. Wakaao huko ni wataalamu wa nchi mbalimbali na wasaidizi wao, ambao huenda kwa kazi na kurudi kwao. Katika kituo cha Warusi kiitwacho Vostok, siku ya 21 Julai 1983, baridi ilifika nyuzi 89.2 za sentigredi chini ya sifuri, na baridi kuliko hiyo haijapata kupimwa katika kituo chochote duniani.

Tofauti hii ya barafu ya baharini na barafu ya nchi kavu ndiyo msingi wa habari yote. Msomaji akitaka kuihakikisha, na achukue bilauri mbili. Katika ya kwanza atie maji na vipande vya barafu vinavyoelea, kisha aweke alama mahali maji yalipofika. Katika ya pili atie jiwe linalotokeza juu ya maji, aweke alama vivyo hivyo, kisha ndipo aweke barafu juu ya jiwe. Barafu ikiisha kuyeyuka ataona ya kwamba katika bilauri ya kwanza maji yako pale pale kwenye alama, lakini katika ya pili yamepanda. Sababu yake ni kwamba barafu inayoelea imekwisha kusukuma maji kadiri ya uzito wake tangu mwanzo, bali barafu iliyo juu ya jiwe ni maji mapya yanayoongezwa.

Basi barafu inayoelea katika bahari ya kaskazini, hata ikiyeyuka yote, haiongezi bahari kiasi cha kuonekana. Barafu iliyo juu ya nchi kavu, yaani ile ya Greenland na ile ya Antaktika, ndiyo inayoweza kuipandisha.

Ukubwa wa barafu ya nchi kavu

Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, nacho kina serikali yake ya ndani chini ya ufalme wa Denmark. Wenyeji wake wengi ni Wainuiti, ambao tangu kale wamewinda na kuvua samaki juu ya bahari iliyoganda, wakisafiri kwa magari yasiyo na magurudumu yanayokokotwa na mbwa. Wao hukaa pwani, kwa maana sehemu ya ndani ni barafu tupu. Barafu hiyo imefunika kilomita za mraba yapata milioni 1.7. Mtu akizichukua Kenya, Uganda na Tanzania na kuziunganisha pamoja, atapata nchi yenye ukubwa unaokaribia huo. Katikati ya kisiwa barafu ina unene wa zaidi ya kilomita 3.

Ikiyeyuka yote, bahari za dunia zitapanda kwa mita 7 na zaidi. Ya Antaktika ni kubwa zaidi, na unene wake kwa wastani ni yapata kilomita 2. Ikiyeyuka yote, bahari zitapanda kwa mita 58 hivi. Kwa hiyo hata kama barafu yote ya dunia ingeisha, bahari isingefika Nairobi, mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Tena jambo hilo si la kesho wala la mwaka kesho, kwa kuwa barafu nene namna hiyo haiwezi kuisha ila kwa mamia na maelfu ya miaka. Hapo uvumi wa gharika ya ghafula unakoma.

Lakini si lazima barafu yote iyeyuke ndipo watu wapate taabu. Miji mingi mikubwa imejengwa pwani, mahali ambapo mita moja tu ya maji ni jambo kubwa. Ndiyo sababu wataalamu huipima barafu hiyo mwaka hata mwaka.

Mizani iliyo angani

Barafu yenye ukubwa wa nchi tatu haipimwi kwa mizani ya sokoni. Mwezi wa Machi 2002 Marekani na Ujerumani zilirusha angani vyombo viwili vinavyoizunguka dunia, kimoja kikikifuata kingine kwa umbali wa kilomita yapata 220. Kila kitu kizito huvuta vitu vingine kuvielekeza kwake. Chombo cha mbele kinapokaribia mahali penye uzito mwingi huvutwa kikaenda mbio kidogo kuliko cha nyuma, na nafasi iliyo kati yao huongezeka kwa kiasi kidogo mno, ambacho mitambo huweza kukipima. Kwa njia hiyo wataalamu huujua uzito wa barafu iliyo chini, na kama mwaka huu imepungua kuliko mwaka jana. Vyombo vya kwanza vilimaliza kazi mwaka 2017, na vingine viwili vilirushwa mwezi wa Mei 2018 kushika mahali pao.

Vipimo hivyo vimeonyesha ya kwamba tangu mwaka 2002 Greenland imepoteza kwa wastani tani za barafu yapata bilioni 270 kila mwaka, na Antaktika yapata nusu ya hizo. Tani bilioni moja ni tani milioni elfu, hesabu ambayo ni vigumu kuiwaza. Basi na ielezwe hivi: barafu ambayo Greenland huipoteza kwa miaka kumi, ikiwa maji, inakaribia kulijaza Ziwa Victoria lote.

Maji hayo yakitandazwa juu ya bahari zote za dunia huwa membamba. Barafu inayopotea Greenland na Antaktika kwa mwaka mmoja huipandisha bahari kwa milimita 1 na kidogo zaidi. Mtu angeweza kucheka akisikia hesabu hiyo. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na tena si barafu hiyo peke yake. Mito ya barafu ya milimani nayo inapungua katika pande nyingi za dunia. Zaidi ya hayo, maji ya bahari yenyewe yakipata moto hufura, kama maji ya sufuria iliyojaa yanavyomwagika kabla hayajachemka. Vyote hivyo vikijumlishwa, bahari ilipanda kwa sentimita 20 hivi kati ya mwaka 1901 na mwaka 2018. Katika sehemu ya kwanza ya karne iliyopita ilikuwa ikipanda kwa milimita 1.3 hivi kwa mwaka, lakini kati ya mwaka 2006 na 2018 ilipanda kwa milimita 3.7 kwa mwaka. Mwendo wake, basi, umekuwa karibu mara tatu ya ule wa kwanza.

Mlango unaoizuia barafu

Barafu ya nchi kavu haikai mahali pamoja. Uzito wake huisukuma, ikatambaa polepole kuelekea baharini kama uji mzito uliomwagwa juu ya meza. Mahali pengine hutambaa upesi. Mto mmoja wa barafu karibu na mji wa Ilulissat, huko Greenland, umepimwa katika majira ya joto ukienda zaidi ya mita 40 kwa siku moja, ukimwaga baharini vipande vikubwa kama vilima.

Katika Antaktika barafu inapofika baharini mara nyingi haikatiki upesi, bali hutokeza mbele na kuelea, ikabaki imeshikamana na ile ya nchi kavu kama baraza iliyoshikamana na nyumba. Baraza hiyo imekwisha kuelea, kwa hiyo ikivunjika haipandishi bahari. Lakini ina kazi nyingine. Kwa kuwa imebanwa kati ya miamba na visiwa, huwa kama mlango unaoizuia barafu iliyo nyuma yake isiteremke kwa haraka.

Jambo hili lilionekana wazi mapema mwaka 2002. Baraza moja iitwayo Larsen B, yenye unene wa mita yapata 200, ilivunjika ikapoteza eneo la kilomita za mraba zaidi ya 3,000 kwa muda wa kama mwezi mmoja tu. Wataalamu waliitazama ikimeguka katika picha zilizopigwa kutoka angani. Baadaye walipoipima mito ya barafu iliyokuwa nyuma yake, waliona ya kwamba imeongeza mwendo mara kadha. Mlango ulikuwa umeondoka.

Leo macho ya wataalamu wengi yanautazama mto wa barafu uitwao Thwaites, upande wa magharibi wa Antaktika, ambao upana wake mahali unapokutana na bahari ni kilomita 120 hivi. Sakafu ya mwamba iliyo chini yake iko chini ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyokwenda ndani ndivyo inavyozidi kuteremka. Kwa sababu hiyo maji ya bahari yenye vuguvugu huweza kupenya chini ya barafu na kuila kutoka chini. Barafu ya Thwaites peke yake ikiisha, bahari zitapanda kwa sentimita yapata 65.

Joto latoka wapi?

Hewa inayoizunguka dunia ina gesi kadha zinazozuia joto lisitoroke lote kwenda angani, kama blanketi linavyomhifadhi mtu usiku. Mojawapo ni hewa ya ukaa, ambayo hutoka katika makaa ya mawe, mafuta ya petroli na misitu inayochomwa. Jambo hili si geni. Mwaka 1859 John Tyndall alionyesha kwa majaribio huko London ya kwamba gesi hiyo huzuia joto, na mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alipiga hesabu ya jinsi dunia itakavyoongezeka joto ikiwa gesi hiyo itazidi.

Kuanzia mwaka 1958 Charles Keeling alianza kuipima gesi hiyo juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii. Wakati ule, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 315 hivi zilikuwa hewa ya ukaa. Kazi hiyo ikaendelezwa mwaka baada ya mwaka, na sasa sehemu hizo zimepita 420.

Upande wa kaskazini umeongezeka joto upesi kuliko dunia kwa jumla, kiasi cha mara tatu au nne tangu mwaka 1979. Kila avaaye kanzu nyeupe wakati wa jua kali anaijua sababu mojawapo. Kitu cheupe hurudisha mwanga, bali kitu cheusi huunywa na kupata moto. Barafu inayoelea ni nyeupe, na bahari iliyo chini yake ni nyeusi. Barafu ikipungua, bahari hunywa jua zaidi, na joto hilo huyeyusha barafu nyingine tena. Mwezi wa Septemba, ambapo barafu ya kaskazini huwa kidogo kuliko miezi yote, eneo lake katika miaka ya kwanza ya 1980 lilikuwa kilomita za mraba yapata milioni 7. Mwezi wa Septemba 2012 lilishuka hata milioni 3.4. Basi ijapokuwa barafu hiyo haipandishi bahari yenyewe, kutoweka kwake kunaongeza joto linaloila barafu ya nchi kavu. Mwezi wa Julai mwaka huo huo wa 2012, kwa siku chache, uso wa barafu ya Greenland ulilowa maji karibu wote, hata vileleni.

Udongo uliosahauliwa

Mtu anaweza kuuliza kama hali hii si kawaida ya dunia, ambayo imebadilika mara nyingi tangu zamani za kale. Swali hilo ni la haki, na barafu yenyewe imehifadhi jibu. Theluji hunyesha mwaka kwa mwaka, na ya juu huikandamiza ya chini ikawa barafu, huku vipovu vidogo vya hewa vikifungiwa ndani yake. Wataalamu wametoboa barafu ya Antaktika hata kina cha zaidi ya mita 3,200, wakatoa vigogo vya barafu na kuipima hewa ya kale iliyomo. Hewa hiyo imeonyesha habari za miaka 800,000. Katika muda huo wote joto na baridi vilipokezana, lakini hewa ya ukaa haikupita sehemu 300 au zaidi kidogo katika kila milioni. Kiasi cha leo hakikupata kuwako hata mara moja.

Iko habari nyingine ya kustaajabisha. Mwaka 1966, katika kambi ya majeshi ya Marekani huko Greenland iitwayo Camp Century, mafundi walitoboa barafu kwa kina cha karibu mita 1,400 mpaka wakafika chini kabisa, wakatoa na udongo wa mita 3 na zaidi. Wakati ule watu waliishughulikia barafu, na udongo ukawekwa penye baridi ukasahauliwa. Baada ya miaka mingi ulionekana tena ghalani huko Copenhagen, nao walipoupima waliona ndani yake vijiti na majani ya mimea. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2021. Mwaka 2023 wataalamu walieleza ya kwamba udongo huo uliwahi kupigwa na jua yapata miaka 400,000 iliyopita. Maana yake ni kwamba mahali palipo na barafu ya zaidi ya kilomita moja leo, palikuwa na mimea, wakati ambapo hewa ya ukaa ilikuwa pungufu kuliko sasa. Barafu ya Greenland, basi, si ya milele. Imewahi kurudi nyuma, na yaweza kurudi nyuma tena.

Alama za bahari ya kale

Ushahidi wa bahari kupanda na kushuka hauko mbali na watu wa Afrika Mashariki. Yapata miaka 20,000 iliyopita, wakati barafu kubwa ilipofunika sehemu za kaskazini za Ulaya na Marekani, maji mengi yalikuwa yamezuiwa juu ya nchi kavu, na bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi. Wakati huo Unguja haikuwa kisiwa, bali ilikuwa imeungana na bara. Mito iliyoshuka pwani ilichimba mabonde marefu kuifuata bahari. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi, ikayajaza mabonde hayo. Bandari ya Kilindini, ambayo jina lake lenyewe lataja kina cha maji, ni bonde la namna hiyo lililozama, na meli kubwa zinazoingia leo zinapita juu ya mahali palipokuwa nchi kavu.

Pwani hiyo hiyo ina alama za bahari iliyokuwa juu pia. Majabali ya matumbawe ambayo watu wa Mombasa na Lamu wameyachonga kujengea nyumba ni kazi ya wadudu wa baharini, nao hawajengi ila chini ya maji. Yapata miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto lililozidi kidogo lile la siku kabla ya viwanda, na bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita 5 hata 10. Kwa hiyo wenye elimu hawabahatishi wanaposema ya kwamba joto dogo likidumu muda mrefu laweza kuihamisha pwani.

Itapanda kiasi gani?

Shirika la wataalamu wa mataifa yote wanaochunguza hali ya hewa lilitoa hesabu zake mwaka 2021. Dunia ikipunguza upesi sana moshi wa makaa na mafuta, inatazamiwa ya kwamba kufikia mwaka 2100 bahari itakuwa imepanda kwa sentimita 28 hata 55 kuliko ilivyokuwa karibu na mwaka 2000. Moshi ukizidi kuongezeka, itapanda kwa sentimita 63 hata 101. Wataalamu hao walionya ya kwamba barafu ya Antaktika ikivunjika upesi kuliko wanavyotazamia, kiasi hicho chaweza kupitwa.

Mvuvi hahitaji kufundishwa maana ya sentimita hizo. Anajua ya kwamba maji ya bamvua hufika mbali kuliko maji mafu, na ya kwamba bamvua likikutana na upepo mkali hufika mbali zaidi. Bahari ikipanda nusu mita, bamvua la kawaida litafika mahali ambapo leo hufikiwa na dhoruba tu, na dhoruba itafika mahali ambapo haijapata kufika. Usiku wa 31 Januari 1953 dhoruba na maji makuu vilikutana katika Bahari ya Kaskazini, vikabomoa kuta za udongo za Uholanzi, na watu zaidi ya 1,800 wakafa katika nchi hiyo. Uholanzi ilitumia miaka zaidi ya arobaini na fedha nyingi kujenga kuta na milango ya chuma ya kuizuia bahari. Nchi nyingi za pwani hazina fedha kama hizo.

Maji hayaji kwa juu tu. Bahari inapopanda, maji ya chumvi husukuma chini ya ardhi na kuingia katika visima, na huingia katika midomo ya mito na kuharibu mashamba ya mpunga. Kisima chaweza kuharibika miaka mingi kabla wimbi halijafika mlangoni.

Liko na jambo moja ambalo wachache hulitazamia. Barafu ya Greenland kwa uzito wake mkubwa huyavuta maji ya bahari yaliyo karibu nayo. Ikipungua, mvuto huo nao hupungua, na maji hayo huachiliwa yakaenda mbali. Kwa hiyo karibu na Greenland bahari hushuka, na katika nchi za mbali, zikiwamo nchi za joto, hupanda kuliko wastani. Basi asemaye ya kwamba barafu ya kaskazini haimhusu mtu wa Lamu amekosea. Sehemu ya maji yanayoondoka Greenland yanaelekea kwake.

Yaliyo mikononi mwa watu

Joto lililokwisha kuingia baharini halitatoka upesi, na bahari itaendelea kupanda kwa miaka mingi hata kama moshi wote ungekoma leo. Lakini kupanda kwa sentimita 30 na kupanda kwa mita nzima si jambo moja, na tofauti hiyo bado iko mikononi mwa watu. Mwaka 2015, katika mji wa Paris, mataifa yalipatana kuzuia joto la dunia lisifike nyuzi 2 juu ya lile la siku kabla ya viwanda, na kujitahidi lisipite nyuzi 1 na nusu. Wataalamu wasema ya kwamba joto likidumu kati ya nyuzi 2 na 3, barafu ya Greenland na ya magharibi ya Antaktika itatoweka karibu yote kwa maelfu ya miaka ijayo, wala haitarudishika. Mzigo mkubwa wa kuzuia jambo hilo ni wa nchi zenye viwanda vingi, kwa maana bara zima la Afrika hutoa yapata sehemu 4 tu katika 100 za hewa ya ukaa inayotokana na makaa na mafuta.

Hata hivyo watu wa pwani hawakai mikono mitupu. Mikoko hukamata tope kwa mizizi yake, hupunguza nguvu za mawimbi, na huweka ukaa mwingi ardhini. Katika kijiji cha Gazi, kaunti ya Kwale, wenyeji wameungana katika mpango uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza kazi mwaka 2013. Wao hutunza na kupanda mikoko, hulipwa fedha kwa ukaa unaohifadhiwa humo, na fedha hizo zimesaidia maji na shule za kijiji. Kadhalika ni busara kutojenga nyumba mpya au kuchimba kisima kipya karibu mno na maji, na kuwauliza wazee mahali bamvua kubwa lilipofika, kisha kupanda juu zaidi ya hapo.

Mtoto anayezaliwa Lamu mwaka huu aweza kuishi hata mwaka 2100. Barafu atakayoisikia katika habari hataiona kwa macho yake, lakini maji yake atayaona yakifika kwenye ngazi za forodha. Yatafika ngazi ipi, hilo linategemea mambo ambayo watu wazima wa leo watayafanya au watayaacha.